Mbele ya Kuua Mnyoo, Tazama Kwanza



Mama zetu wanaookota vishimu porini wanajua jambo hili: si kila kiwavi mwenye miiba ni mbaya. Wanatazama rangi, wanatazama nywele, wanatazama anakula majani ya mti gani. Kiisha wanaamua. Leo twende kwa mawazo mpaka Ulaya na Marekani, kwa watu wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, katika sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Nao wanahitaji akili ileile.

Katika sanduku lile wanaweka mawe yaliyotoka baharini. Mawe yale yana matundu, na ndani yake viumbe vidogo vinajificha. Usiku mwenye nyumba anamulika taa, anaona nini? Mnyoo wa rangi ya waridi, nywele nyeupe pande mbili, anatafuna samaki aliyekufa. Anapiga kelele: "Muuaji ndiye huyu!" Kweli? Mara nyingi hapana. Samaki alikufa na ugonjwa ao maji mabaya. Mnyoo amekuja kwenye matanga juu ya chakula tu.

Minyoo hii wataalamu wanaiita polikaeta. Aina zake zinapita 10,000, na karibu zote ni za bahari. Basi namna gani kuipambanua? Shika mambo matatu.

Moja, mfagiaji. Ni mwembamba, anakimbia mwanga, anakula mizoga na mabaki chini ya mawe. Pasipo yeye vitu vile vinaoza na maji yanachafuka. Huyu umwache.

Mbili, mnyoo wa moto mwenye ndevu, Hermodice carunculata, wa bahari ya Atlantiki na Mediteranea. Ni mnene, ana mashavu mekundu ya kupumulia kando ya nywele zake nyeupe, na juu ya kichwa kitu kama kilemba. Anakula matumbawe, ndivyo viumbe vinavyojenga miamba ya bahari. Huyu umtoe.

Tatu, eunisi. Mwili wake unang'aa rangi nyingi, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kichwani ana vipapasio vitano, na meno yake ni makali. Mwaka 2009, kule Newquay, Uingereza, wafanyakazi wa nyumba ya samaki ya Blue Reef walikuta matumbawe yanakatwa-katwa na samaki kuumizwa, na mwizi haonekani. Walitoa mawe moja moja, mpaka wakamkuta mnyoo wa urefu kupita metre moja! Wakamwita Barry, wakamtenga peke yake.

Angalia sana: hapana kushika mnyoo wowote wa namna hii kwa mkono mtupu. Hata nywele za mfagiaji zinavunjikia ndani ya ngozi na kuwasha kama moto. Tumia koleo ndogo. Zikiisha kuingia, bandika utepe wenye gundi juu ya ngozi, uvute, zitatoka nyingi.

Na kama wafagiaji wamekuwa wengi mno? Wanakuambia neno: unatupa chakula kupita kiasi. Upunguze, nao watapungua. Lakini mtu akitia sumu kusudi waishe wote, wanaozea ndani ya mawe, maji yanaharibika, na samaki aliotaka kuwaokoa wanakufa pia. Hasara mara mbili!

Wazazi, jambo hili si la minyoo tu. Sahani inavunjika jikoni, nani anapigwa? Mara nyingi ni yule mtoto tuliyemkuta anaokota vipande. Aliyevunja amekwisha kukimbia zamani. Na kesho sahani nyingine ikianguka, hakuna mtoto atakayekuja kuokota. Tuulize kwanza, sivyo?

Tutaonana mwezi ujao.