Mtoto aliyehama vita anahitaji vitabu leo, si "baadaye"

GOMA – Kila mara mtu anapotaja vitabu vya watoto mbele ya familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, jibu ni lile lile: kwanza unga, kwanza maji, kwanza shitingi. Vitabu vitakuja baadaye. Jibu hilo linasikika kuwa la busara, na hakuna mzazi atakayelipinga usiku ambao sufuria iko tupu. Lakini hiyo "baadaye" haina tarehe, na watoto wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo wanaendelea kukua.

Chukua mfano wa mazuku. Neno hili limetoka katika Kiswahili cha huku, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanalitumia kama lilivyo. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakusanyika kwenye mashimo na mabondeni, hasa usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Haionekani. Mbuzi anashuka shimoni na kuanguka, mtoto anamfuata, naye anaanguka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa kichwa chake kiko juu ya gesi hiyo, lakini mtoto, kwa kimo chake, amezama ndani yake. Na maelfu ya familia ziliwekwa magharibi ya Goma, njia ya kwenda Sake, eneo ambalo mazuku yanajulikana tangu zamani.

Sasa ni nani alimwandikia mtoto huyo? Tangazo linabandikwa ukutani kwa Kifaransa, kwa ajili ya watu wazima, na mvua ya kwanza inalichana. Kitabu kidogo cha kurasa kumi na mbili, chenye picha ya shimo, majani yaliyokauka, mbuzi aliyelala na kijana anayebaki juu akiita wakubwa, kingesomwa mara ishirini, kisha mkubwa angemsomea mdogo wake. Vivyo hivyo kwa kipindupindu, na kwa vyuma vya vita ambavyo watoto wanaviokota wakidhani ni vya kuchezea. Anayesema kitabu cha namna hiyo ni anasa aeleze anasa iko wapi.

Kambi za pembeni ya mji zilivunjwa Februari 2025. Watu wengine walirudi vijijini, wengine wakabaki kwa jamaa mjini. Darasa la mahema halibebeki. Kitabu chepesi kinaingia katika mzigo wa mama, katikati ya kitenge na sahani.

Wapo wanaojibu kwamba vitabu vipo, maboksi ya msaada yanafika. Basi yafunguliwe mbele ya watu. Mara nyingi ni vitabu vilivyochoka huko vilikotoka, kwa Kifaransa au hata Kiingereza, vyenye theluji na treni. Theluji si kosa. Mtoto wa Kitshanga ana haki ya kujua theluji ni nini. Kosa ni kumpa theluji peke yake, kana kwamba chukudu, ziwa Kivu na gorila wa Virunga havistahili ukurasa. Kitabu cha picha kilichoitangaza Kongo sana Ulaya ni kile cha Tintin cha Mbelgiji Hergé, kilichoanza kutoka gazetini mwaka 1930, na ndani yake Mkongomani amechorwa kama mjinga. Kongo haikukosa wachoraji wake: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, anajulikana hadi Ulaya. Waliokosa ni wa kulipia uchapaji hapa nyumbani.

Na mashairi? Shuleni mtoto anakariri shairi la Kifaransa mikono ikiwa mgongoni, hajui anasema nini, na darasa linampigia makofi. Jioni mtoto huyo huyo anatega vitendawili na kucheka hadi machozi. Walimu fulani husema Kiswahili cha Kivu ni cha barabarani, hakifai kuandikwa. Kiswahili hicho ndicho kilichoipa sayansi neno mazuku. Tena Katiba ya 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Redio za mtaa zingeweza kusoma mashairi ya watoto dakika tano kila jioni, kabla ya matangazo ya vifo.

Kuhusu pesa, African Storybook inatoa bure hadithi za picha, na inaruhusu watu kuzichapa na kuzitafsiri. Kihunde, Kinande, Mashi, Kinyarwanda: walimu wanaojua lugha hizo wako hapa hapa, wengi bila kazi. Kinachobaki ni karatasi na wino. Mashirika yanayopata pesa za vibao, kofia na mashati yenye majina yao hayawezi kulia umaskini mbele ya karatasi.

Mama asiyejua kusoma naye asiogope. Afungue ukurasa wenye picha, amwulize mtoto: huyu anafanya nini? Kwa nini amekimbia? Mtoto atasema.

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Waliozaliwa siku zile, wakati wazazi wao wako njiani kuelekea Sake, wanakaribia kuingia shule ya msingi. Wanaotayarisha mifuko ya shule kwa Septemba wanajua bei ya daftari na kalamu. Waongeze humo kitabu kimoja kinachoueleza mlima huo, kwa Kiswahili, chenye picha.