Waacheni wapige vibaya

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa dada yangu, Kitaji, Musoma mjini. Umeme ulikuwapo, na wapwa zangu wawili walikuwa na filamu kwenye flashi: We Are the Best! ya Lukas Moodysson, ya Sweden, iliyotoka mwaka 2013. Inahusu wasichana watatu wa Stockholm mwaka 1982, watoto wa miaka kumi na mitatu hivi, wanaounda bendi ya panki. Wawili kati yao hawajui kupiga chombo chochote. Chumba cha mazoezi wamekichukua kwa hasira tu, kuwakomoa wavulana wakubwa waliokuwa wakiwaudhi kwa kelele. Wamekipata, sasa inabidi wapige. Ngoma inakimbia mbele, besi inabaki nyuma kama mtoto aliyegoma kwenda shule, na wenyewe wanaona mambo ni moto.

Tulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Shemeji, aliyekuwa pembeni na gazeti lake, akainua macho mara moja tu. "Hawa hawana kipaji," akasema. "Wanapoteza muda."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Yule mpwa wangu mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, akatazama chini. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini, nitafika huko.

Kipaji. Sidhani kama kuna neno lililowanyamazisha vijana wa nchi hii kuliko hilo. Tunalitamka kama vile Mungu alikuwa na daftari la wagawiwa, na ambaye jina lake halimo asisogelee hata mlango. Mtoto akiimba vizuri harusini, "ana kipaji". Akikosea mara moja, hana, na kesi imefungwa. Mashindano ya televisheni ndiyo yametia muhuri. Fikiria Bongo Star Search: foleni ndefu, kijana anaingia, anaimba kidogo, majaji wanatazamana. Na tuseme ukweli, sehemu tuliyoipenda sana wengi wetu ilikuwa ile ya mwanzo, ya wale walioimba ovyo. Tuliwasimulia kazini kesho yake.

Hapo ndipo filamu hii inapotofautiana na sebule zetu. Kote kuwili unamcheka mtu anayepiga vibaya. Lakini wale wasichana unawacheka huku ukiomba waendelee, wakosee tena, wamalize wimbo. Wa kwenye mashindano unamcheka ili atoke, aingie mwingine. Filamu za namna hii, na ziko nyingi, zote zinajua siri moja. Linda Linda Linda ya Japani, ya mwaka 2005, bendi ya shule inabaki bila mwimbaji siku chache kabla ya tamasha. Wanamchukua msichana anayepita, mwanafunzi kutoka Korea ambaye Kijapani chenyewe kinamchenga. Hakuna jaji. Kuna siku chache na nyimbo za kujifunza, basi.

Turudi kwa shemeji. Ninachokiona kichekesho kuliko filamu yenyewe ni kwamba shemeji yangu ni mwanakwaya. Anaimba sauti ya nne, mwaka wa ishirini na kitu huu. Musoma ni mji wa kwaya: Wasabato Jumamosi, Wakatoliki na Wamennonite Jumapili, na jioni za katikati ya wiki ukipita mitaani unasikia mazoezi kila kona. Sasa niambieni, ni kwaya gani ya mtaani inayompima mtu kipaji mlangoni? Unafika, mwalimu anakuuliza jina, anakusikiliza kidogo, anakupeleka kwenye sauti yako. Ubao una noti za sol-fa kwa chaki. Sauti ya pili wanarudia mstari mmoja mara kumi na tano, wengine wamekaa wanapepea vitabu. Kuna mama anayekosea pale pale kila wiki. Hafukuzwi, anasogezwa karibu na anayejua. Baada ya miezi mitatu anaimba sawasawa, na hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa hajui.

Mimi mwenyewe nilihamishwa sauti mara mbili ndani ya mwaka mmoja, maana nilikuwa nabalehe. Nilianza Januari na wasichana sauti ya pili. Pasaka nikiwa ya tatu, sauti ikakatika katikati ya "Aleluya" ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Kanisa zima lilicheka, mchungaji akiwamo. Wiki iliyofuata mwalimu akanipeleka sauti ya nne, akaniambia niimbe taratibu mpaka koo litulie. Angekuwa jaji wa televisheni ningeishia pale Pasaka.

Tunajua basi, kila wiki, kwa macho yetu, kwamba muziki unafundishika. Ila tukitoka kanisani tunasahau. Mtoto akiomba gita tunamwuliza ana kipaji gani, swali ambalo hatukumwuliza alipoomba kujiunga na kwaya, wala alipoomba baiskeli.

Na bendi zetu za zamani tunazozililia zilipatikanaje? NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mshahara upo, mazoezi ni kazi kama kazi nyingine. Polisi, jeshi, kiwanda cha Urafiki, wote walikuwa na bendi. Mkoa huu ulikuwa na Mara Jazz, wana Sensera. Kijana katika bendi za namna hiyo alikaa karibu na wakubwa, akatazama vidole vyao, akaruhusiwa kukosea palipo na watu kumi wa kumfunika. Marijani Rajabu alikuwa bado hajafika miaka ishirini na tano na tayari nchi ilikuwa imemsikia akiwa na Safari Trippers. Tunasema alizaliwa nacho. Sikatai, lazima kulikuwa na kitu. Wapo wenye sikio jepesi na wapo wazito, kama walivyo wenye mbio na wasio nazo. Ninachokataa ni kudai kwamba utakiona siku ya kwanza. Kinaonekana mwaka wa tatu, kama kuna mtu aliyekuachia gita kwa miaka mitatu.

Leo vyombo havipo. Kijana wa Nyasho au wa Bunda mjini mwenye hamu ya muziki anakwenda studio ya chumba kimoja, anakuta mdundo umeshatengenezwa kwenye kompyuta, anaimba peke yake, analipa, anaondoka. Siubezi muziki huo. Lakini peke yako hujifunzi kumsikiliza mwenzako aliyechelewa, na ukikosea unakosea mwenyewe tu, tena kwa hela yako. Ndiyo maana wengi wanaacha baada ya wimbo mmoja, nasi tunathibitisha: umeona, hakuwa na kipaji.

Wapo watakaosema tatizo si kipaji, tatizo ni roki, uzungu. Watamleta Mwalimu, maana huku kwetu hoja haijakamilika bila Butiama. Ni kweli, Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza anaapishwa kuwa rais, Nyerere aliwasema waliojua rumba, chachacha, twisti na roki huku gombesugu hawajaisikia. Lakini isikilizeni vizuri lawama hiyo. Inasema tulijifunza ya wengine tukashindwa kujifunza yetu. Nyerere, yule mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeingia shule ya Mwisenge mwaka 1934, hapo tu jirani na Kitaji, hakusema ngoma ni za waliozaliwa nazo. Na waliokuwa wakiiga hawakubaki hapo. Novemba 1969 wakubwa wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul. Mwaka uliofuata Patrick Balisidya alikuwa na Afro 70, na kundi la roki la Sunburst likaanza Dar hiyo hiyo. Mwaka 1976 Sunburst walirekodi Zambia albamu waliyoiita Ave Africa. Njia ya kufika kwenye jina hilo ilipita kwenye kuiga.

Jambo moja la mwisho, na hili linaniudhi zaidi. Katika filamu ya Sweden mpiga gita ni Hedvig, binti wa kanisani, mtulivu, ambaye wale wawili wanamfuata kwa sababu ndiye pekee anayejua kupiga. Huku kwetu Hedvig wamejaa. Ni mabinti wanaosoma sol-fa kuliko kaka zao. Lakini kwaya ikipata gita na kinanda, angalia wanaoshika. Mabinti wanapewa sare na vitambaa vya kupunga. Sijawahi kumsikia mzee wa kanisa akiuliza kama yule mvulana ana kipaji.

Nilisema nitarudi kwa mpwa wangu. Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya nyumba, na mdogo wake ana ndoo mbili. Gita lake ni galoni la mafuta ya kula la lita tano, mti wa kushikia umepigiliwa misumari, nyuzi mbili ni za waya wa breki ya baiskeli na mbili ni nailoni ya kuvulia aliyoipata mwaloni Mwigobero. Ilikuwa kelele tupu. Nailoni ililegea kila baada ya dakika, ndoo zilikwenda zake.

"Mjomba, usimwambie baba," akasema.

Baba alikuwa ameshasimama mlangoni, mswaki mdomoni. Nikajiandaa kugombana. Akatema mate, akaja, akachukua lile galoni, akavuta uzi wa tatu, akatega sikio. Akakaza kidogo. Akavuta tena.

"Hii umeifanya mi," akasema. "Ni fa. Na wewe wa ndoo, unakimbilia wapi?"

Akarudi ndani kunawa.