Kidege cha Kungwe

Msomaji mpenzi, je, umepata kusikia habari za kidege kilichopewa jina la mlima wetu wa Kungwe? Nadhani wengi watajibu, "La, bado." Si ajabu. Watu wa Kigoma na Ujiji wanamjua furukombe, wanamjua mnandi, tena wanamjua sana kunguru anayeiba dagaa mchangani. Lakini kidege hiki hakikai ufukoni. Makao yake ni juu, penye ukungu.

Ukisafiri kwa boti toka Kigoma kuelekea kusini, kilometa mia na zaidi, utaiona milima ya Mahale imesimama karibu na maji, katika Wilaya ya Uvinza. Kilele kirefu, Nkungwe, kina meta 2,462 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye meta 773. Basi mlima umepanda karibu meta 1,700 juu ya mtumbwi wako. Chini kuna joto na miti ya miombo. Juu kuna baridi, msitu mnene na mianzi.

Huko ndiko kinakokaa kidege chetu. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo ni karibu jeupe, na mkia ni mwembamba na mrefu kupita kiasi cha mwili. Kwa Kilatini huitwa *Apalis argentea*, na neno la pili maana yake ni "ya fedha". Kutwa hurukaruka katika matawi, kikichungulia majani na kuokota viwavi na vidudu vingine. Ndege wa jamii yake hujenga kiota mfano wa kifuko, kwa kuvumanyevu na utando wa buibui.

Aliyekiandika kwanza katika vitabu vya elimu, mwaka 1941, ni Mwingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Bwana huyu alipenda sana ndege wa milimani. Mwaka 1938 alimwandika ndege mwingine mla wadudu, wa milima ya Uluguru, akampa jina la mkewe, Winifred. Wataalamu wamebishana kama hiki cha Kungwe ni aina ya peke yake au ni tawi la aina nyingine. Ila wanajua kwamba ndugu zake wako Burundi, Rwanda na Kongo, hata katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu.

Sasa fikiri. Ndugu hao wametenganishwa na ziwa na nchi kavu yenye joto. Kwa kidege cha msitu wa baridi, kila mlima ni kisiwa. Msitu ukiungua, hakiwezi kufunga mizigo na kuhamia kijiji cha pili.

Watongwe wa zamani walikiheshimu kilele cha Nkungwe kama mahali patakatifu, kabla haijakuwapo sheria yo yote ya serikali. Mwaka 1985 Mahale ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Lakini moto hausomi kibao cha mpaka. Kila kiangazi huwashwa na mwenye shamba, na mchungaji, na mrina asali, kisha hupanda mlima wenyewe.

Mtu ataniuliza, "Mimi nina watoto wa kuwalisha, kidege kisicholika kinanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Kidege hakitakulipia karo. Lakini msitu unaokilisha ndio unaoshika mvua na kuiachia polepole, mito isikauke upesi. Mlima ukiwa mtupu, udongo huteremka ziwani na kufunika mawe ambayo samaki wengi hutagia na kujificha. Hasara itaingia katika sufuria yako. Watu wa Kigoma tumekwisha kuona vilima vilivyokatwa miti kuizunguka Gombe. Ndiyo sababu mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianza kazi ya TACARE katika vijiji, kupanda miti na kufundisha utunzaji wa ardhi. Kupanda tena ni kazi ya miaka mingi. Kiberiti ni kazi ya dakika moja.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuchoma shamba, uliza uongozi wa kijiji kama ni ruhusa. Lima kwanza barabara ya moto kulizunguka. Waite majirani, ngoja upepo utulie, wala usiondoke mpaka majivu yamepoa. Nawe mrina asali, zima mwenge wako kabla hujashuka mtini.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kidege ni kidogo, na cheche ya moto ni ndogo vile vile. Tuviangalie vyote viwili.