Mwamba wa Kolo Usisomwe Nusu

Ndugu zetu wa Visiwani wanaokwenda Dodoma kwa vikao vya Bunge na shughuli nyingine za Serikali hurudi na habari za zabibu, vumbi na upepo. Ni wachache mno wanaoelekea kaskazini, wakaupita mji wa Kondoa hadi Kolo, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na miongoni mwa hao wachache wako wanaouliza: hekalu lenyewe liko wapi? Wamezoea picha za Misri.

Swali hilo halistahili kuchekwa. Minara miwili ya lango la hekalu la Misri ilikuwa mfano wa vilima viwili ambavyo jua huchomoza katikati yake. Nguzo zilichongwa kama mafunjo ya Mto Nile. Kadiri mtu alivyoingia ndani sakafu ilipanda, dari ikashuka, nuru ikapungua, hata kufikia chumba cha giza cha mungu wao. Maana ya jengo ilikuwa katika mahali pake. Ndiyo maana mahekalu ya kisiwa cha Philae, yaliyokuwa yakizamishwa na maji ya bwawa, yalipohamishiwa kisiwa jirani cha Agilkia, kazi iliyomalizika mwaka 1980, kisiwa hicho kilichongwa kwanza kifanane na kile cha asili.

Kolo hapakujengwa kitu, majabali yalitosha. Kwenye mteremko wa mashariki wa ukingo wa Bonde la Ufa wawindaji wa kale walichora watu na wanyama kwa rangi nyekundu, na wakulima waliofuata wakachora kwa nyeupe. Bibi Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951, nayo ni kazi ya kusifiwa. Lakini karatasi haina mteremko, wala haina mzee anayepanda na mbuzi wake kuomba mvua. Kwani hadi leo wenyeji hutambika Mongomi wa Kolo.

Hapo ndipo penye ubishi. Pombe ya tambiko ikirushiwa ukutani huharibu picha, na wako wanaotaka wazee wafukuzwe. Sisi tuliotangulia chuoni kabla ya shule ya Serikali si watu wa matambiko, lakini shauri hilo tunalipinga. Mihrabu ya Kizimkazi, yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ukiing'oa ukaipeleka makumbusho itabaki nakshi nzuri isiyoelekea popote.

Maofisa na wakae na wazee, wakubaliane pombe imwagwe wapi, mbali na ukuta. Ukali wauelekeze kwa wanaochimbua mapango wakitafuta eti hazina ya Wajerumani, na kwa wanaofyeka miti ya mteremko. Hao hawana mila ya kutetea, na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964.

Nao Wabunge wetu wa Visiwani, kikao kitakapoahirishwa, wasikimbilie uwanja wa ndege. Waende Kolo, kisha warudi Bungeni wakaulize ni walinzi wangapi wamewekwa huko.