Ukishuka ziwani kwa likizo, wewe ni mgeni

Msomaji, shule zikifungwa, wengi wetu huku milimani hatukimbilii Mombasa. Mombasa ni mbali na nauli ni ghali. Tunashuka ziwani. Kutoka hapa Kiogoro unapita mjini Kisii, unapita Rongo na Rodi Kopany, na adhuhuri haijafika tayari umeliona ziwa la Homa Bay. Ukipenda wanyama, unakata kuelekea Bonde la Lambwe iliko Mbuga ya Taifa ya Ruma. Ukipenda maji, unaendelea hadi Mbita na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Unakodi kijumba cha mapumziko, mnajipikia samaki wenyewe, watoto wanakimbia nje bila viatu, na kwa siku nne hakuna anayekutafuta.

Mimi ni mtetezi wa likizo za namna hii. Nimewaambia wagonjwa wangu wa shinikizo la damu, hasa walimu na wafanyabiashara, kwamba siku nne za kulala mapema na kutembea kwa miguu haziuzwi katika duka lolote la dawa. Tena ni aibu kwamba wazungu wanavuka bahari kuja Ruma kutazama korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye hapa Kenya hapatikani porini mahali pengine popote, na sisi tulio jirani hatujawahi kumwona.

Kwa hiyo sikuandika ili uvunje safari yako. Nimeandika kwa sababu ya mtoto mmoja wa miaka saba.

Aliletwa kwangu mwezi wa Agosti, asubuhi ya baridi na ukungu, kama asubuhi zetu za Agosti zilivyo. Alikuwa na homa, kikohozi kidogo, na alikuwa ametapika mara moja. Wiki hiyo nilikuwa nimeona watoto wengi wenye mafua. Nilisikiliza kifua, nikampa dawa ya kushusha homa na ya kikohozi, nikawaambia warudi baada ya siku tatu. Walirudi usiku wa pili yake. Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege na hamtambui mama yake. Damu ilipopimwa ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Ni hapo tu, tukisubiri gari la kumpeleka hospitali, nilipomuuliza baba swali ambalo ningeuliza mara ya kwanza: je, mlikuwa mmesafiri? Akajibu, "Daktari, tulikuwa ziwani, lakini hiyo ni kama wiki mbili zilizopita."

Kosa lilikuwa langu. Mwongozo wa matibabu wa nchi hii unasema kila homa ipimwe malaria kabla ya kutibiwa, na mimi sikupima. Mtoto alichomwa sindano za artesuneti, akaongezwa damu, akapona. Siku nyingine bado namwona pale kitandani.

Hebu tazama maneno ya yule baba: "wiki mbili zilizopita." Aliona kama ni kitu kilichokwisha kupita. Lakini malaria haifuati ratiba ya likizo yako. Mbu akikuuma leo, vimelea huingia kwanza kwenye ini, vikazaana humo kimya kimya bila dalili yoyote, kisha ndipo vinapotoka na kushambulia damu. Homa kwa kawaida huanza kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa, na mara chache huchelewa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba utaugua ukiwa nyumbani, picha umekwisha kuwaonyesha majirani na mchanga umekwisha kutoka kwenye viatu. Vilevile, ukipata homa siku ya pili tu baada ya kufika ziwani, ugonjwa huo hukuutoa huko, ulikwenda nao.

Utaniuliza, mbona watu wa Mbita wanaishi huko mwaka mzima? Wanaishi, ndiyo, lakini wamelipa gharama kubwa. Anayeumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, akanusurika, mwili wake hujifunza kupambana. Akiwa mtu mzima huenda akapata homa ya siku mbili mahali ambapo mimi na wewe tungepoteza fahamu. Ila gharama ya mafunzo hayo ni makaburi ya watoto wadogo. Ndiyo maana chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019 ilianzia katika kaunti za ukanda wa ziwa, na uzinduzi wenyewe ukafanyika Homa Bay. Mtoto wa Kisii hakuwekwa katika mpango ule kwa sababu haishi katika hatari ile. Sasa wewe unamchukua, huna chanjo wala kinga, na unampeleka akalale humo usiku nne.

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 1,130. Tofauti hiyo unaisikia masikioni ukiteremka, lakini mbu anaisikia zaidi. Katika baridi, vimelea hukua polepole mno ndani ya mwili wa mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi havikui kabisa. Mbu wengi wa milimani hufa kabla vimelea havijakomaa. Chini ziwani joto linawatosha. Si kwamba huku hatuna malaria. Wazee wetu wanaikumbuka vyema milipuko ya miaka ya 1990 na ule wa 2002, wadi zilipojaa watu wazima kwa watoto. Milipuko ile iliua vibaya kwa sababu hii hii, kwamba miili yetu haijaizoea.

Na wewe uliyezaliwa Mbita au Karungu lakini umeishi Nairobi miaka kumi, usinicheke. Kinga ile hupungua usipoendelea kuumwa. Watoto wako waliozaliwa Nairobi hawana kabisa. Mkienda kumsalimia nyanya Desemba, wao ni wageni kama watoto wa Kiogoro.

Jambo linaloniudhi ni hili. Mtalii kutoka Uingereza akija kulala katika kijumba kile kile, anafika akiwa amekwisha kuonana na daktari wake na kupewa vidonge vya kinga. Sisi tunaona vidonge vile ni mambo ya wazungu. Si kweli. Daktari wako anaweza kukuandikia. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Haipewi mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Kuna atovakwoni iliyochanganywa na proguanili, ambayo ni ghali zaidi lakini baada ya kurudi unaendelea nayo siku 7 tu, na ipo ya watoto. Kuna meflokwini, ya mara moja kwa wiki, ambayo haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Usijichagulie mwenyewe dukani. Na usimeze dawa ya kutibu malaria, ile ya siku tatu, eti ikukinge. Haikukingi ipasavyo na unaiharibia nchi dawa. Klorokwini tuliipoteza hivyo hivyo kwa matumizi ovyo, mpaka ikabidi iachwe mwaka 1998. Mama mjamzito namshauri asubiri, ziwa halihami.

Chandarua ni lazima hata ukimeza vidonge. Nimelala katika vijumba kadhaa vya kando ya ziwa, na mara nyingi chandarua kipo kwa ajili ya picha tu: kina tundu la kupitisha ngumi, au ni kifupi hakifiki chini ya godoro. Kikague kabla hujalipa. Afadhali ubebe chako chenye dawa. Na wenye vijumba hivyo, mnaotoza pesa nyingi kwa usiku mmoja, chandarua kipya ni bei ya samaki wawili.

Ajabu ni kwamba watu huniuliza kuhusu mambo mengine kabisa. Wanaogopa wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi. Hao wanakera, lakini hawaumi. Wanaogopa malale, kwa sababu wamesikia habari za Lambwe na mbung'o wake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 bonde lile lilipata mlipuko mbaya. Lakini kazi kubwa imefanywa tangu hapo, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mbung'o bado anauma, na anauma kwelikweli, basi vaa nguo za mikono mirefu zisizo nyeusi wala buluu, kwani rangi hizo humvutia.

Kichocho ndicho ambacho hakuna anayekiuliza. Ziwa Victoria lina konokono wanaokibeba, hasa kwenye maji yaliyotulia kando ya ufuo penye majani, na ndipo hapo hapo watoto hupenda kuchezea. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na ngozi haina haja ya kuwa na kidonda. Wakiingia majini licha ya onyo lako, waje wapimwe kama miezi miwili au mitatu baadaye, kwani ukipima mapema hutaona kitu. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya siku moja.

Mkirudi, ziandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani: tulilala ziwani kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Homa yoyote miezi mitatu baada ya hapo ipimwe siku hiyo hiyo, na neno la kwanza unalomwambia daktari liwe ziwa. Usingoje akuulize. Nimekwisha kukueleza kwamba tunasahau. Kipimo kikionyesha hakuna kitu na homa inaendelea, dai kirudiwe kesho yake.

Yule mtoto sasa yuko darasa la tatu. Wiki iliyopita baba yake alikuja kuniomba vidonge vya familia nzima, kwa sababu Desemba wanashuka tena Ruma. Mara ile hawakumwona korongo.