Imani ya kijana Mkatoliki yapimwa kwa kazi yake Hulugho

KIJANA Mkatoliki anayepelekwa Hulugho, Kaunti ya Garissa, kufundisha, kuuguza wagonjwa au kulinda mpaka wa Somalia, huacha nyuma mengi yaliyoilea imani yake. Kwaya, chama cha vijana na jumuiya ndogo ndogo ya mtaani haviko tena karibu naye. Majirani zake karibu wote ni Wasomali Waislamu, na adhana ndiyo inayogawa saa za siku.

Swali basi ni hili: mlei kijana ataishije imani yake, na ataishiriki vipi na wengine, mahali ambapo yeye ni mmoja wa wachache?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulilitazama suala hili mapema. Hati yake kuhusu utume wa walei, iliyotolewa Novemba 1965, inatambua kuwa utume wa mtu binafsi una nafasi ya pekee pale Wakatoliki walipo wachache na wametawanyika. Inawashauri wakutane katika vikundi vidogo, bila taratibu nyingi.

Ushauri huo unaafiki hali ya kaskazini mashariki. Dayosisi ya Garissa, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1984, inajumuisha kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, eneo linalozidi robo ya ardhi ya Kenya. Padre hawezi kuwa kila mahali. Mara nyingi Kanisa litakalojulikana na wenyeji ni mwalimu anayefika darasani kwa wakati, muuguzi asiyebagua mgonjwa, au askari asiyepokea hongo.

Hata hivyo, ushuhuda huo una gharama. Mnamo Julai 1, 2012, magaidi walishambulia makanisa mawili mjini Garissa, likiwemo kanisa kuu la Wakatoliki, na kuua zaidi ya watu 15, wengi wao katika kanisa la AIC. Aprili 2, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wakiwa wanafunzi Wakristo waliotengwa na wenzao kwa sababu ya dini.

Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti iyo hiyo. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na maelfu ya watoto wakabaki bila wa kuwafunza.

Hapo ndipo penye utata. Hakuna askofu wala mzazi awezaye kumwamuru kijana akae mahali ambapo maisha yake yanawindwa, na si haki kumlaumu aliyeondoka. Lakini kila mwalimu anapoondoka, anayeumia ni mtoto wa Kiislamu asiye na hatia. Papa Fransisko, akizungumza na vijana uwanjani Kasarani mnamo Novemba 2015, alisema kinga ya kwanza dhidi ya itikadi kali ni elimu na kazi. Kwa maana hiyo, somo la hesabu linalofundishwa Hulugho ni sehemu ya jawabu.

Kushiriki imani katika mazingira hayo si kuwinda waumini wa dini nyingine. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kuabudu wa kila mtu, naye anayetaka wake uheshimiwe hana budi kuheshimu wa jirani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wa kumlinda mgeni.

Wapo walioutimiza wajibu huo. Desemba 2015, abiria Waislamu katika basi lililovamiwa Mandera walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Serikali haiwezi kuwaachia abiria na wazee wa vijiji kazi ya ulinzi. Parokia za bara nazo, ambazo huwaaga vijana hawa kwa misa na zawadi, zingefaa kuwaandaa zaidi: wajue mila za Wasomali, waujue Uislamu kwa heshima, na waweze kusali wakiwa wawili au watatu bila padre. Kijana asiyefunzwa hayo nyumbani ataishi Hulugho kwa hofu tu, akihesabu siku za uhamisho.