Maji ya kunywa si maji ya samaki wa bahari



Naomba niseme machache kuhusu samaki wa bahari wanaofugwa katika matangi ya vioo. Watu hununua samaki wa matumbawe, kamba na kaa wadogo wa kupendeza, na baada ya wiki chache viumbe hao hufa mmoja mmoja. Mwenye tangi hulaumu joto, au humlaumu mvuvi aliyewaleta. Maji hayalaumu, kwa sababu ni meupe na ni "safi".

Neno hilo "safi" ndilo linaloniudhi. Mwuza duka mmoja alinisifia mfuko wa chumvi ya matangi kwamba ni safi kwa asilimia 99. Nikamwuliza, hiyo asilimia moja iliyobaki ni kitu gani? Akacheka tu.

Basi tupige hesabu. Ili kupata maji kama ya bahari, huchanganywa kiasi cha gramu 35 za chumvi katika lita moja. Asilimia moja ya gramu 35 ni miligramu 350 za kitu kisichojulikana katika kila lita. Hata chumvi ingekuwa safi kwa asilimia 99.9, zingebaki miligramu 35. Ndugu wasomaji, madini joto yote yaliyomo katika lita ya maji ya bahari ni kama miligramu 0.06 tu, na shaba ya bahari kuu haifiki miligramu moja katika lita elfu moja! Mtu ataniambia huenda uchafu huo ni chokaa isiyodhuru. Huenda, lakini mfuko hausemi.

Nimeitaja shaba kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, na binadamu hadhuriki. Lakini wanaotibu vimelea vya samaki wa bahari kwa mrututu hupima shaba miligramu 0.15 hadi 0.2 tu kwa lita, na kabla ya kutia dawa huwahamisha kamba, kaa, konokono na matumbawe, maana dawa hiyo huwaua. Kwa hiyo maji yanayomfaa mtu yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya dawa yenyewe.

Tena kuna jambo la mvuke. Maji hupaa, chumvi na madini hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 2 kwa siku, na mwenyewe akijazia maji yaliyolala ndani ya mabomba ya shaba, yenye miligramu moja kwa lita, ameongeza miligramu 2 kila siku. Siku ya ishirini zimekuwa 40, yaani 0.2 kwa kila lita. Kweli, nyingine hunata kwenye mawe na mchanga, kwa hiyo hesabu haiendi sawasawa hivyo, lakini haijatoka tangini. Kuchemsha hakusaidii, kwani klorini huondoka na shaba hubaki. Na kile kipimo kidogo cha umeme wanachokiamini wengi huonyesha jumla tu ya vilivyoyeyuka. Hakibagui shaba na chokaa.

Wako pia wanaokoroga chumvi ya jikoni. Hiyo karibu yote ni aina moja ya chumvi. Magnesi na chokaa ya bahari, ambavyo matumbawe huvihitaji, havimo kwa kiasi kinachotakiwa.

Sisi wa pwani tunayo bahari yenyewe, bure. Lakini yasichotwe bandarini, ambako rangi za chini ya vyombo nyingi zina shaba, wala penye midomo ya mito. Maji ya kujazia yawe ya mvua safi isiyopita juu ya bati, au yaliyochujwa kwa mtambo wa utando.

Naomba wenye maduka waandike juu ya mfuko ni miligramu ngapi za shaba zimo katika kilo moja ya chumvi, waache kutuandikia asilimia. Na mahoteli yenye matangi makubwa yanunue vipimo vya shaba, kwani kila samaki anayekufa humrudisha mvuvi mwambani kutafuta mwingine.

Mpenda Bahari,
Tanga.